Safari moja, vizazi vingi: Wanafunzi wanaomfuata kipepeo kutoka Meksiko hadi Kanada

TUSEME leo umepanda basi Mombasa ukielekea Busia. Ukifika Voi unashuka, unazaa, unafariki. Mtoto wako, ambaye hajawahi kuona bahari, anapanda basi jingine na kuendelea na safari ileile. Akifika Nairobi naye anazaa, anaaga dunia. Mjukuu wako ndiye anayekanyaga Busia. Halafu mwezi wa tisa ukikaribia, kitukuu wako anageuka na kurudi Mombasa moja kwa moja, hadi mtaa uleule, hadi mwembe uleule uliokuwa ukipumzika chini yake. Hana ramani. Hajauliza makanga. Na hajawahi kukutana na yeyote aliyewahi kufika huko.

Ukiskia stori kama hiyo utasema mtu anakuchezea. Lakini kuna mdudu wa nusu gramu anayefanya hivyo kila mwaka, na njia yake ni ndefu karibu mara nne kuliko hiyo ya Mombasa hadi Busia. Sarafu ya shilingi moja iliyo mfukoni mwako ni nzito kumshinda karibu mara kumi.

Jina lake ni monaki. Ni kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeusi na madoadoa meupe kwenye kingo za mabawa. Akiyakunjua, upana wake ni kama sentimita 10. Kwao ni Amerika Kaskazini, na kila mwaka yeye na uzao wake husafiri kutoka milima ya Meksiko, kupitia Marekani, hadi kusini mwa Kanada, kisha kurudi.

Sasa skia jambo la kukufurahisha wewe kijana. Mengi yanayojulikana kuhusu safari hiyo ya kwenda kaskazini hayakutoka kwa maprofesa wenye vifaa vya bei ghali. Yalitoka kwa wanafunzi, walimu, wakulima na wastaafu ambao walitoka nje ya nyumba, wakatazama, wakaandika tarehe.

Mamilioni juu ya miti

Tuanzie Meksiko, mwezi wa pili. Katika milima ya jimbo la Michoacán na jimbo jirani, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kuna misitu ya oyameli, mti wa jamii ya msonobari. Ni juu sana kuliko Limuru, na baridi yake si ya mchezo.

Humo ndimo monaki hukaa kuanzia mwezi wa 11. Hukaa wamebanana kiasi kwamba huoni gome la mti wala majani yake, unaona mabawa tu. Kipepeo mmoja hana uzito wowote wa kuzungumzia, lakini wakijazana kwa maelfu kwenye tawi moja, tawi linainama. Jua likitoka na kuwapasha joto, wanaruka wote kwa pamoja, na watu waliosimama chini husema sauti ya mabawa hayo ni kama mvua nyepesi kwenye majani.

Mbona wachague baridi? Kwa sababu baridi inawafanya walale nusu usingizi, wasichome mafuta waliyobeba mwilini. Joto likizidi watachoka kabla ya safari. Baridi ikizidi wataganda. Msitu mzito ndio unaoweka mambo sawa: matawi huzuia upepo, na pia huzuia mvua isiwalowe, kwani kipepeo aliyelowa huganda upesi kuliko aliye mkavu. Ukikata miti michache tu, unakuwa umetoboa paa la nyumba yao.

Vipepeo hawa wa mlimani ni kizazi cha kipekee. Ndugu zao wa majira ya joto huishi kati ya wiki mbili na sita pekee. Hawa huweza kufikisha miezi minane au tisa. Walizaliwa kaskazini mwaka uliopita, wakashuka hadi hapa kabla hata hawajawa tayari kuzaa. Mwezi wa pili ukiisha, mwili unaamka, wanaanza kupandana, na mwezi wa tatu wanaondoka.

Hapo ndipo safari ya majira ya machipuko inapoanza. Na hapo ndipo watu wa kule hutoa daftari zao na simu zao.

Kituo cha kwanza ni Texas

Jike anaondoka Meksiko akiwa na mayai na mabawa yaliyochoka. Anachotafuta ni kitu kimoja tu: mmea ambao ukivunja jani lake unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Huko Marekani una aina nyingi, na wakulima wengi huuona kuwa gugu. Tuuite gugu-maziwa. Kiwavi wa monaki hali kitu kingine chochote duniani. Bila gugu-maziwa hakuna monaki, mambo yanaishia hapo.

Na kuna sababu ya ulafi huo. Utomvu ule una sumu inayovuruga moyo. Kiwavi anaila, haimdhuru, anaiweka akiba mwilini. Baadaye akiwa kipepeo, ndege akimla anatapika, na kuanzia siku hiyo akiona rangi ya machungwa anajipitia zake.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, majike wanafika Texas na majimbo jirani. Wanataga yai mojamoja, mara nyingi chini ya jani, kila yai likiwa dogo kama kichwa cha pini. Jike mmoja anaweza kutaga mamia. Kazi ikiisha, anakufa.

Yai huanguliwa baada ya siku tatu hadi tano. Kiwavi anakula kwa wiki mbili hivi, anakuwa pupa, na baada ya siku kama 10 anatoka kipepeo mpya. Ukijumlisha, ni kama mwezi mmoja. Mtoto huyu wa Texas hajawahi kuona Meksiko, lakini akikauka mabawa anaelekea kaskazini: Kansas, Illinois, Wisconsin, Minnesota. Kufikia mwezi wa sita, monaki wamefika kusini mwa Kanada. Huko wanazaana tena kizazi kimoja au viwili, na ule uzao wa mwisho wa kiangazi ndio unaogeuza kurudi Meksiko.

Kwa hivyo kipepeo anayeingia mlimani mwezi wa 11 ni kitukuu wa yule aliyetoka mlimani mwezi wa tatu. Nani alimwelekeza? Tutarudi kwa swali hilo.

Karatasi ndogo kwenye bawa

Kwa miaka mingi wanasayansi hawakujua monaki huenda wapi baridi ikiingia. Mtu aliyelivalia njuga swali hilo ni Fred Urquhart, mtaalamu wa wanyama kutoka Toronto, Kanada, pamoja na mkewe Norah. Walianza mwaka 1940 kubandika vijikaratasi kwenye mabawa ya vipepeo. Vilikuwa na namba na ombi: ukimpata huyu, mtume katika chuo kikuu cha Toronto.

Watu wawili hawawezi kubandika bara zima. Mwaka 1952 wakaomba msaada wa wananchi. Wakaitikia wachache, kisha mamia, kisha maelfu, wakiwemo watoto wa shule. Karatasi zilizorudi zikaanza kuonyesha mwelekeo: kusini, kusini-magharibi, Texas, kisha kimya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Norah aliandika kwenye magazeti ya Meksiko akiomba usaidizi. Akajibiwa na Mmarekani aliyekuwa akiishi huko, Kenneth Brugger. Yeye na Catalina Aguado, mzaliwa wa Michoacán, walizunguka milimani wakiulizauliza. Januari 1975 wakafika mlima Cerro Pelón, wakawakuta mamilioni juu ya miti.

Hapa ni muhimu tuwe wakweli. Wenyeji wa milima ile walikuwa wakiwaona vipepeo hao kila mwaka tangu enzi za mababu. Huja karibu na sikukuu ya wafu, mwanzoni mwa Novemba, na wengi huko huamini kwamba ni roho za waliotangulia zinarudi kuwatembelea. Kilichokuwa hakijulikani si mahali penyewe. Ni kwamba hawa wa mlimani na wale wa bustani za Kanada na Marekani ni walewale.

Ushahidi ulipatikana Januari 1976. Urquhart, akiwa na miaka 64, alipanda mlima huo mwenyewe. Akiwa ameketi kupumzika, tawi la mti likavunjika kwa uzito wa vipepeo, likaanguka karibu naye. Kati ya wale walioanguka, mmoja alikuwa na karatasi bawani. Alikuwa amebandikwa mwezi wa nane uliotangulia, Minnesota, na mwalimu mmoja akisaidiwa na wavulana wawili wa shule.

Hebu fikiria wewe ndiye mmoja wa wale wavulana. Umebandika karatasi kwenye bawa la kipepeo wakati wa likizo, ukaenda zako. Miezi mitano baadaye unaambiwa umefumbua fumbo ambalo watu wazima wamelihangaikia kwa miongo mitatu.

Kwani anayefika kaskazini ni nani?

Karatasi zile zilifumbua safari ya kwenda kusini. Lakini safari ya kurudi kaskazini ilibaki na swali lake. Je, wanaofika Kanada mwezi wa sita ni walewale waliotoka Meksiko, wamekaza mwendo mpaka mwisho? Au ni watoto wao waliozaliwa njiani?

Utafiti ulioongozwa na akina Lincoln Brower, mwanasayansi aliyewafuatilia monaki maisha yake yote, ulilijibu kwa njia ya ajabu: kwa kuchunguza sumu. Kila aina ya gugu-maziwa ina mchanganyiko wake wa sumu, kama vile kila jikoni lina harufu yake ya pilau. Ukimpima kipepeo unajua kiwavi alilia wapi. Wale waliokuwa wakifika kaskazini walibeba sumu ya magugu ya kusini mwa Marekani. Yaani wengi wao hawakuwa wazee wa Meksiko. Walikuwa watoto wao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1993, na tangu hapo inajulikana kwamba hii ni mbio za kupokezana kijiti.

Kuna ushahidi mwingine usiohitaji maabara: mabawa yenyewe. Mzee aliyetoka Meksiko amekuwa hewani na kwenye upepo kwa miezi. Rangi imepauka, kingo zimeraruka, mahali pengine unaona hadi upande wa pili. Mtoto aliyezaliwa Texas wiki iliyopita anang'aa kama nguo ya Krismasi. Kwa hivyo mtu akiandika kwamba amemwona monaki tarehe fulani, mahali fulani, na kwamba mabawa yalikuwa yamechakaa au yalikuwa mapya, amemwambia mtafiti kama huyo ni mzazi au ni mtoto.

Kijana wa darasa la nne anaweza kuona hilo. Na wanaliona.

Ramani ya nukta

Mwaka 1994, Elizabeth Howard alianzisha mradi unaoitwa Journey North. Wazo lake lilikuwa rahisi. Intaneti ilikuwa ndiyo inaanza kuingia shuleni. Akafikiria: mbona wanafunzi wasitumiane habari za machipuko jinsi yanavyopanda kutoka kusini kwenda kaskazini?

Mradi huo, ambao baadaye uliwekwa chini ya chuo kikuu cha Wisconsin–Madison, unafanya kazi hivi. Ukimwona monaki wa kwanza wa mwaka mahali unapoishi, unaripoti: tarehe, mahali, umeona wangapi. Ukiona yai la kwanza, unaripoti. Ukiona gugu-maziwa la kwanza limetoka ardhini, pia unaripoti. Picha ikiwepo, vizuri zaidi. Kila ripoti inakuwa nukta kwenye ramani.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu ramani iko karibu tupu, nukta chache tu chini kabisa. Wiki zinavyosonga, Texas inajaa. Halafu mwezi wa nne kasi inapungua, nukta hazipandi sana kaskazini. Mtu asiyejua atafikiri mambo yameharibika. Kumbe ni wakati ambapo wazee wanakufa na watoto bado ni viwavi. Ni kijiti kinapokezwa. Mwezi wa tano ukianza kupamba moto, nukta zinaruka juu kwa ghafla na kufunika katikati ya Marekani hadi maziwa makuu ya huko.

Hakuna darubini wala setilaiti iliyochora picha hiyo. Ni watu waliokuwa wakianika nguo, wakingoja basi la shule, wakipalilia bustani.

Ukiweka ramani za miaka mingi pamoja unaona mengine. Baridi ikirudi ghafla, nukta zinasimama. Upepo wa kusini ukivuma, zinakimbia. Mwaka 2012 joto lilikuja mapema, vipepeo nao wakapanda kaskazini mapema kuliko kawaida, kisha kiangazi kikawa cha joto kali na ukame. Mwisho wa mwaka waliorudi Meksiko walikuwa wachache sana. Hesabu ya mlimani inakuambia tu kwamba wamepungua. Nukta za wananchi ndizo zinazoweza kukuonyesha ni sehemu gani ya njia mambo yalianza kwenda mrama.

Ufunguo ni baridi

Turudi kwa lile swali: nani anawaelekeza?

Monaki hutumia jua kama dira. Shida ni kwamba jua halikai mahali pamoja, asubuhi liko mashariki na jioni magharibi. Ili ulitumie, lazima ujue ni saa ngapi. Mwaka 2009, maabara ya Steven Reppert huko Massachusetts ilionyesha kwamba saa hiyo ya monaki iko kwenye vipapasio vyake. Ukiviziba visione mwanga, kipepeo anapotea njia.

Sasa mbona dira ileile imwambie kusini mwezi wa tisa na kaskazini mwezi wa tatu? Mwaka 2013, Reppert na mwenzake Patrick Guerra walichukua monaki waliokuwa wakielekea kusini na kuwaweka kwenye baridi kama ya mlimani kwa siku 24. Walipowatoa, walielekea kaskazini. Wale ambao hawakuonja baridi hiyo waliendelea kuelekea kusini hata machipuko yalipofika.

Tafakari kidogo. Baridi ya mlima wa Meksiko ndiyo inayogeuza dira. Mlima ukipoteza baridi yake kwa sababu dunia inazidi kupata joto, au kwa sababu miti imekatwa, si kwamba vipepeo watakosa starehe. Huenda wakakosa kujua kwamba ni wakati wa kurudi.

Kutoka viwanja 25 hadi kimoja

Monaki wa mlimani hawahesabiwi mmojammoja. Kinachopimwa ni eneo la msitu walilofunika. Msimu wa baridi wa 1996–1997 walifunika zaidi ya hekta 18. Hiyo ni kama viwanja 25 vya kandanda. Msimu wa 2013–2014 walifunika hekta 0.67 pekee, pungufu ya kiwanja kimoja. Wakapanda, wakashuka tena: 2023–2024 walikuwa hekta 0.9, na 2024–2025 wakawa 1.79.

Sababu si moja. Huko Marekani, mahindi na soya zilizobadilishwa ili zisidhurike na dawa ya magugu ziliwapa wakulima uhuru wa kunyunyiza shamba zima. Mazao yakabaki, gugu-maziwa likafa. Meksiko, ukataji miti haramu umetafuna msitu licha ya eneo hilo kuwa hifadhi na kuingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2008. Na juu ya hayo yote kuna hali ya hewa isiyotabirika. Desemba 2024, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia wanyamapori ilipendekeza monaki aingizwe kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Usidhani pia kwamba kuwalinda ni kazi ya watu wapole wanaopenda maua. Homero Gómez González alikuwa msimamizi wa hifadhi ya El Rosario kule Michoacán. Alikuwa ametoka kwenye biashara ya kukata miti, akageuka kuwa mlinzi wake. Alikuwa akijirekodi video akiwa amezingirwa na vipepeo, akiziweka mtandaoni ili watu waje kuwaona, wenyeji wapate riziki bila shoka. Januari 2020 alitoweka. Wiki mbili baadaye mwili wake ukapatikana majini. Siku chache baada ya hapo, mwongoza watalii wa eneo hilohilo naye akapatikana amekufa, mwili ukiwa na majeraha.

Watoto wa huko milimani bado huwapokea vipepeo. Na kuna desturi moja: kila mwaka, wanafunzi wa Marekani na Kanada hutengeneza vipepeo vya karatasi na kuvituma kwa watoto wanaoishi karibu na msitu ule, wakati vipepeo halisi wanashuka. Machipuko yakifika, karatasi hizo hurudishwa kaskazini.

Simu yako ni antena

Teknolojia nayo haijalala. Mwaka 2025 watafiti walianza kuwabandika monaki kifaa cha redio chenye uzito wa gramu 0.06 hivi, kinachotumia nguvu ya jua. Kinatoa ishara ya bluetuthi, ile unayotumia kuunganisha spika. Simu yoyote iliyo karibu yenye programu ya mradi huo inaweza kuinasa. Kwa mara ya kwanza mtu anaweza kufuata kipepeo mmoja, siku baada ya siku, badala ya kungoja afe ndipo karatasi isomwe.

Lakini ona kilichobaki palepale. Kifaa hicho hakina maana kama hakuna mtu aliyebeba simu mahali kipepeo anapopita. Kutoka karatasi za 1940 hadi ishara za leo, kazi imeendelea kuwa ileile: lazima kuwe na mtu nje.

Na huku kwetu?

Utasema, hayo ni ya Marekani, mimi niko Umoja au Nyali, yananihusu vipi?

Kwanza, monaki ana binamu hapa. Kisayansi anaitwa Danaus chrysippus. Ni wa machungwa vilevile, mdogo kidogo, na yaelekea umempita mara nyingi bila kumtazama. Viwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe, kwa mfano ule wenye matunda ya kijani yaliyovimba kama baluni zenye nywele unaoota kando ya barabara. Naye huhama kwa kufuata mvua, na eneo la Nairobi ni mahali ambapo aina zake za rangi tofauti hukutana. Watafiti wamemchunguza hapa kwa miaka mingi, hasa kwa sababu baadhi ya majike wana bakteria inayoua watoto wa kiume, wanabaki wa kike watupu.

Pili, kuna msafiri mwingine mkubwa kumshinda monaki. Ni kipepeo aitwaye Vanessa cardui, wa machungwa yaliyopauka na ncha nyeusi zenye madoa meupe. Yupo Kenya, yupo Ulaya. Wenzake wa Ulaya huvuka Bahari ya Mediterania na jangwa la Sahara kuja Afrika baridi ikiingia kwao, na uzao wao hurudi machipuko yakifika. Mzunguko mzima, kwenda na kurudi, unaweza kupita kilomita 12,000, na vizazi vinaweza kufika kumi.

Ukifungua ramani ya mahali alipoonekana kipepeo huyo utaona jambo. Ulaya imejaa nukta, kwa sababu kuna maelfu ya wananchi wanaoripoti. Shuka chini ya Sahara, nukta ni za kuhesabu. Si kwamba vipepeo hawapo. Ni kwamba wanaoandika ni wachache.

Na usiseme Wakenya hatuwezi kazi hiyo. Kwa ndege tunaifanya. Tangu 2013, mradi wa Kenya Bird Map umekuwa ukichora ramani ya ndege wa nchi nzima. Nchi imegawanywa vipande vya kilomita tisa kwa tisa hivi, na watu wa kujitolea huingia kila kipande, hutazama, huandika orodha kwa simu. Wengi wao si maprofesa.

Kwa vipepeo, programu ya iNaturalist ni ya bure na bando inayokula si nyingi. Piga picha, iweke, andika tarehe na mahali. Usipojua jina si neno, watu wengine watakusaidia. Ukiwa huna bando, daftari linatosha: andika leo, uhamishe ukipata waifai.

Mvua ikinyesha wiki kadhaa na majani kuchipuka, toka nje saa nne asubuhi jua likiwa limepata nguvu. Tazama ua la jirani, kando ya reli, nyuma ya shule. Ukimwona kipepeo wa machungwa, msogelee polepole bila kumtupia kivuli chako. Angalia mabawa yake kwanza: ni mapya, au yamechakaa?

Kisha andika tarehe.